Fomu Isiyo na Bahari

Askari alianzia viti vya nyuma vya basi, na hilo lilimwachia Saengda safu tisa za kuogopa.

Yeye alikuwa safu ya nne, dirishani. Pembeni yake Lasse, mpenzi wake, Mdenishi mwenye magoti marefu kuliko nafasi aliyouziwa, alikuwa anamenya chungwa. Akamwekea kipande kiganjani. Saengda hakukila. Alikishika tu, maji yakamchuruzika mpaka kwenye kifundo cha mkono.

Walikuwa wameshatoka mkoa wa Chiang Rai dakika ishirini zilizopita. Lasse hakuona mpaka wowote. Ni kibao tu kando ya barabara, kimechafuliwa na ndege. Saengda alikiona. Alizaliwa kwenye kilima cha mkoa ule miaka ishirini na miwili iliyopita, na haruhusiwi kukipita kibao kile bila barua ya wilaya.

Barua alienda kuiomba. Fomu ilikuwa na visanduku vinne: matibabu, masomo, kazi, mahakama.

“Sababu ya safari?” karani aliuliza.

“Kuona bahari, mjomba.”

Karani aliigeuza fomu, akachungulia upande wa pili kana kwamba bahari imejificha huko. “Haipo. Ugua kwanza, halafu urudi.”

Foleni nzima ilicheka. Saengda naye alicheka, maana faili lake la kuomba uraia lilikuwa kwenye kabati nyuma ya karani yuleyule, mwaka wa tisa sasa, na mtu aliyekalia faili lako humnunii. Mahojiano yalipangwa tarehe ishirini mwezi huu. Shahidi wa kuzaliwa kwake alibaki mmoja: Bibi Kaeo, mkunga aliyemkata kitovu, miaka themanini na mitatu, anayepumua kama pampu ya baiskeli. Ukikamatwa nje ya mkoa bila barua, faili linaanza upya. Bibi Kaeo hana miaka mingine tisa.

Hayo Lasse hakuyajua. Alifika na shanta lake kwenye nyumba ya wageni ambako Saengda hupika chapati laini za ndizi. Siku ya kwanza alikula saba. Siku ya pili alikula tano, akasema njaa imepona ila bado anaumwa. Kithai chake kilikuwa kibovu na hakikumwonea haya mtu. Alikuwa mwanamume wa kwanza kumwita Saengda Mthai, bila kuuliza, kama mtu anavyosema mvua ni maji. Saengda alikusudia kumsahihisha. Miezi miwili ikapita akiwa bado anakusudia.

“Kitambulisho, dada.”

Askari alikuwa amefika. Alikuwa kijana, shati limepigwa pasi, ananukia poda ya kupoza ngozi.

“Nimekisahau nyumbani, afande.” Sentensi hiyo aliifanyia mazoezi mbele ya kioo, kwa lafudhi ya Bangkok aliyoiokota kwenye tamthilia.

“Nyuso za milimani mna ugonjwa wa kusahau. Haya, imba.”

“Niimbe nini?”

“Wimbo wa taifa. Anzia katikati. Mwanzo hata kasuku anaujua.”

Saengda akaimba. Shuleni aliuimba kila asubuhi chini ya bendera, na mwalimu alimweka mbele awaongoze wenzake. Sauti haikutetemeka. Alimaliza bila kuruka neno.

“Mwache mtoto wa watu,” mama mmoja nyuma yake alisema. “Mimi mwenyewe nikifika hapo katikati huwa natafunatafuna tu.”

Basi likacheka. Askari akatabasamu kidogo. “Sauti unayo,” akasema, na akasogea safu ya tatu.

Saengda alishusha pumzi. Hatari ilikuwa imepita.

Lakini Lasse alichokiona ni mpenzi wake kuimbishwa mbele ya watu na watu kumcheka. Alikuwa ameiva uso mzima.

“Afande. Usimdharau. Yeye Mthai. Kadi iko.”

Saengda alimkamata mkono, akachelewa. Kadi ilikuwa kwenye mfuko mdogo wa pochi yake; hakuthubutu kuiacha nyumbani, maana ndiyo karatasi pekee inayosema kwamba yupo duniani. Lasse aliinyanyua juu kama refa. Kadi ya pinki, yenye picha na nembo ya serikali. Kwao Lasse kadi ni kadi.

Askari akarudi, akasoma namba.

“Inaanza na sifuri. Ya asiye raia,” alisema kwa upole. “Barua ya wilaya?”

Saengda akachukua pochi yake.

“Shuka, dada.”

Lasse alishuka naye, akawaacha wenye basi waende zao. Askari akafungua pasipoti yake. “Viza yako imeisha siku kumi na moja zilizopita.”

“Samahani.”

“Utamalizana nao uwanja wa ndege. Njoo kivulini, utaungua.”

Kwenye kituo cha ukaguzi wakampa Lasse kiti, wakamgeuzia feni, wakamletea maji ya barafu na mrija. Saengda aliingizwa nyuma ya waya, pamoja na wanawake watano na mtoto mchanga. Askari alimfuata na karatasi.

“Sababu ya safari?”

“Kuona bahari.”

Askari akafikiri, akaandika: *Hana.* “Nakala moja inaenda wilayani kwenu.”

Lasse alikuja kwenye waya, macho mekundu. “Nitapiga simu ubalozini. Nitaweka picha yako mtandaoni. Dunia itajua.”

“Usifanye kitu, Lasse. Nakuomba. Usinisaidie.”

Alitikisa kichwa kwamba ameelewa. Simu ilikuwa tayari mkononi.

Saa kumi na mbili jioni kipaza sauti kikakohoa, wimbo wa taifa ukaanza, bendera ikaanza kushushwa. Magari yakasimama, muuza kuku wa kuchoma akasimama na kibanio chake. Lasse alibaki kitini, ameinamia simu, anaandika. Hakuna aliyemsemesha.

Yule askari alisogea kwenye waya, akaugonga kwa kalamu.

“Simama vizuri, dada. Heshimu nchi yako.”

Saengda akanyoosha mgongo. Vidole vyake vilikuwa bado vinanata chungwa. Nyuma yake wanawake watano walikuwa wameshaanza kuimba, na hakuna aliyekosea hata neno moja.