Pilipili ya Nje

Kaka mtu alikuwa amejipa cheo cha Mkurugenzi na kukibandika mlangoni, ingawa mlango wenyewe ulikuwa wa stoo ya chupa tupu. Aliyepika ile sosi ya pilipili iliyoulisha ukoo mzima ni mdogo wake wa kike, ambaye kila mtu alimwita Mwiko. Lori likivuka mpaka na katoni zake, ng'ambo waligombea chupa kabla dereva hajapoza chai.

Hilo halikumtosha Mkurugenzi. Alikwenda semina, akarudi na tai na neno moja: uwekezaji. Kusafirisha chupa, alisema, ni mambo ya wachuuzi. Kampuni za maana hujenga kiwanda hukohuko, zikakwepa ushuru na nauli. Mwiko akauliza jiko lake litakwenda wapi. Akajibiwa, kwa upole wa daktari anayeficha sindano, kwamba kiwanda kipya kikishika kasi jiko hili litafungwa, naye atabaki mshauri.

"Mshauri wa nani, kaka? Wa sufuria?"

Mama yao akasema mtoto wa kiume asikatwe miguu. Basi Mkurugenzi akavuka na mitambo mipya, wapishi wawili na mapishi ya Mwiko, hadi kipimo cha chumvi. Mwiko akabaki anakoroga huku akilitazama jiko kama mgonjwa aliyekatiwa tamaa.

Kumbe kule ng'ambo wateja waliigeuza chupa, wakasoma "Imetengenezwa hapa nchini", wakairudisha rafuni kama walioshika chura. Wao walizoea ya nje. Hii ya mtaa wa pili ina nini cha ajabu?

Mkurugenzi akarudi nyumbani na katoni zilizomdodea, tai mfukoni. Mezani Mama akafungua chupa moja, akaonja, akafumba macho.

"Mwanangu Mwiko, usinune. Hii ya nje ina utamu wake."

"Mama, hayo ni mapishi yangu."

"Najua. Ila wenzetu wameyatia adabu."

Chakula kikampalia Mwiko. Alipopata pumzi akamgeukia kaka yake, ambaye tayari alikuwa anaisoma lebo upya.

"Jiko langu halifungwi," akamwambia. "Wewe leta zako huku, mimi napeleka zangu huko."

Sasa malori mawili hupishana mpakani, pilipili zilezile, chumvi ileile, na madereva hupigiana honi. Mama hanunui ila ya nje. Akija mgeni, huiweka chupa katikati ya meza, lebo ikitazama mlango.