Kabla Nyama Haijapakuliwa

...na hata akisema ndiyo, hiyo ndiyo ataisemea wapi kama si hapa hapa mbele ya chungu, sahani mkononi, masikio ya wanawake wa mtaa mzima yako wazi nyuma yake, Rra-Oteng atatua mchi wake na kuuliza, haya Mwalimu, unapanda au hupandi, kwa sauti ile ile ya kuuliza unataka mnofu au mafuta, maana ndivyo walivyoachana alfajiri makaburini, koti lake limejaa vumbi la kufukia, na ni Muchaneta mwenyewe aliyeanza, aliposikia kwamba mkwe huyu wa marehemu ana lori na linakwenda kaskazini leo akamwuliza kama mzaha, njia yako inapita wapi, akajibiwa inapita Francistown mpaka mpakani, kiti cha mbele kitupu, nauli sitaki, nikishapakua nyama naondoka, utanijibu ukija na sahani yako... mtu mwema, na wema wa namna hiyo ndio unaomtia mtu mashakani, kwa sababu lau angetaka nauli jambo lingekwisha palepale, nauli yenyewe hana, lakini bure, bure mpaka mpakani, na kutoka mpakani mtu hakosi wa kumbeba hadi kwa mama yake, na sanduku limekwisha kufungwa tangu jana jioni, liko nyuma ya mlango limenuna, basi linalobaki ni neno moja tu, na neno lenyewe haliji, na mstari haujasogea tangu alipoushika, kwani nyama bado inapondwa, vyungu vitatu vya chuma vya miguu mitatu, wakwe wamevua makoti na kukunja mikono ya mashati, tu, tu, tu, mifupa inatolewa, wanaponda tena, seswaa haina haraka, ni chumvi, maji na nguvu za wanaume, na harufu hiyo, Mungu wangu, harufu hiyo inaweza kumliza mtu kwa msiba usiomhusu.

Ingawa huu unamhusu kidogo, mzee Kelapile alikuwa jirani, ukuta wake unagusana na ua wa Mma-Gaone anakopanga Muchaneta, kila asubuhi mzee alimnyanyulia kofia naye akampungia mkono, kwa hiyo asije mtu akasema Muchaneta amefuata sahani, ameimba nyimbo zote kaburini, hata zile asizojua maneno, kwa sauti ya pili tena, na shali hii amejifunga barabara kama wenzake, shali ya kuazima lakini shali, na tumbo likinguruma acha lingurume, ni tumbo la mtu aliyekesha kwenye mkesha, nani atajua kwamba lilianza kunguruma kabla ya mkesha... chai ya rangi asubuhi, andazi moja mchana, na majani ya kunde na ugali jioni, binti wa mchimba mgodi hafi kwa hayo, wala hajafika mahali pa kujihurumia, kujihurumia ni kazi ya wenye nafasi, yeye ana hesabu ya kufanya, na hesabu yenyewe ni hii, aende au abaki, na yeye ndiye mwalimu wa hesabu bora kuliko wote waliopita katika shule ile ya ukuta wa kijani, hilo halisemi kwa majivuno, waulize watoto... Boipelo je, aliyekuja hajui nusu na robo ipi kubwa, mpaka siku ile alipompa chungwa akaligawa mwenyewe, akainua uso kama mtu aliyewashiwa taa, sasa Boipelo huyo ana mtihani wa darasa la saba mbele yake na shule ina kufuli.

Kufuli hilo, lo, mwenye shule alikuja nalo mkononi, hakujali hata kulificha, akawaita walimu baada ya mapumziko ya chai na kusema wazazi hawalipi, benki imechoka, tunafunga leo, mishahara iliyobaki itaangaliwa, itaangaliwa, wakaangaliana wao, na mwalimu wa sayansi akakaa chini ghafla juu ya boksi la chaki, na Muchaneta akafanya nini, akarudi darasani, kwa sababu alikuwa ameacha hesabu ya sehemu ubaoni bila jibu na mtu hawezi kuwaachia watoto hesabu isiyo na jibu, akaimaliza, akapigia mstari, akafuta mikono, ndipo akawaambia wafungashe vitabu... na angefanya hivyo tena, hata leo. Mbele yake Mma-Boipelo amegeuka, macho yamekutana, amemtazama nusu ya kumtazama, kisha akahamia haraka kwenye vyungu, ndiyo hayo, ndivyo wanavyofanya wote siku hizi, dukani, bombani, kanisani, wanamtazama kisha wanatazama pembeni, kama vile kufukuzwa kazi ni upele utakaowarukia, na wakati mwingine anataka kuwaambia, jamani, mimi sikuifunga shule, nami nimefungiwa, lakini hasemi, ng'o, na si kwa kiburi... basi, kiburi kidogo kipo, hakimnyimi mtu usingizi.

Kila asubuhi anapiga pasi sketi, anabeba mkoba, anapita mbele ya Mma-Gaone anayefagia ua, na Mma-Gaone anasema kazi njema, Mwalimu, naye anajibu asante, mma, ndivyo mama anavyoitwa huku, kisha anakwenda kukaa kwenye benchi la stesheni ya reli ambako treni hazina haraka ya kuja, anaandika barua za kuomba kazi mpaka jua linageuka, anarudi saa ya walimu kurudi na uso wa mwalimu aliyechoka, na uchovu si wa kuigiza, Mungu ni shahidi, kukaa bila kazi kunachosha kuliko darasa la watoto arobaini. Mtu mwingine angeita huo uongo. Yeye hauiti uongo, anauita kungoja, kwa sababu kwao, upande wa pili wa mpaka, mwenye msiba hasemi msiba wake, ni utovu wa adabu, utamkurupukiaje mtu na habari mbaya yako mwenyewe, anatumwa mjumbe, kama mshenga wa posa ila huyu ni wa mabaya... na hapo hapo anamwona Chakanyuka, mtani wa ukoo wao, siku mgodi ulipofungwa, Chakanyuka anaingia jikoni kwa mama na viatu mkononi, anachutama karibu na mlango, anapiga makofi, anaomba maji, anasifia paa, anasifia mbuzi, anavuta ugoro, na baba yuko chumba cha pili nyuma ya pazia anasikiliza habari zake mwenyewe zikisafiri taratibu kuelekea kwa mkewe, mama, nimetumwa kwako, anasema Chakanyuka, kuna mtu mwanamume mmoja, mzuri wa sura ingawa masikio makubwa, mgodi umemtapika, anaona haya kukutazama... na mama, ambaye alishajua tangu asubuhi kwa sababu king'ora hakikulia, mama alicheka kwa ajili ya yale masikio, alicheka na machozi yakamtoka, kisha akasema kwa sauti ya kufika nyuma ya pazia, mwambie aje ale. Hivyo ndivyo inavyofanywa. Ndiyo maana hakumwambia Mma-Gaone, hakumwambia yeyote, amekaa na jambo lake kwa heshima akingoja atokee mtu wa kulibeba, mwalimu mwenzake, mchungaji, yeyote, na hajatokea, wala Mma-Gaone hajauliza, hata kodi ya mwezi hajaigusa kwa neno, na ukimya huo Muchaneta ameusoma wazi kama ubao, mwenye nyumba anangoja aone aibu aondoke mwenyewe, basi ataondoka, lori lipo, atamwambia Rra-Oteng ndiyo, ndiyo, napanda...

Tu, tu, tu. Nyuma yake wanazungumza, si juu yake, juu ya marehemu, Mma-Boipelo amerudi nyuma kwenye mstari ili apate umbea vizuri, anamwambia Mma-Gaone kwamba mzee ametutenda, mwaka mzima kifua kinamla kimya kimya na sisi tuko ukutani kwake, mficha maradhi kifo humuumbua, na mwingine anasema mimi nilimsikia akikohoa usiku kucha, na yule wa kwanza anasema sasa kama ulisikia mbona hukwenda, nusu ya maneno yanamezwa na michi, Muchaneta anasikiliza kwa sikio moja, lile jingine liko mpakani tayari, linasikia mihuri, linasikia mama akisema umerudi na sanduku lote... halafu sauti ya Mma-Gaone, ya chini, isiyo na haraka, ile ya kufagilia ua.

"Kila mtu alimsikia. Kusikia si kuambiwa. Shida ya mtu huiendi kuinyakua mikononi mwake, anaileta mwenyewe mlangoni, anasema jamani nina hili, tunamwambia tumesikia, basi, kuanzia hapo ni ya mtaa mzima. Asipoileta ni yake. Unamtazama tu, na moyo unakuuma."

Kusikia si kuambiwa... na sikio lile la mpakani likarudi mbio, ngoja, ngoja kwanza, anamtazama tu na moyo unamuuma, anamtazama kisha anatazama pembeni, Mma-Boipelo, mwuza duka, wale wa bombani, si upele basi, walikuwa wanamstahi, mtu hajikwai makusudi kwenye mzigo ambao mwenyewe hajautua, na kazi njema, Mwalimu, ya kila asubuhi, ile kazi njema ilikuwa mlango umeachwa wazi, alikuwa anaupita kila siku na mkoba wake mtupu, na lile bakuli la maziwa ya mgando kizingitini wiki iliyopita, yamezidi haya, mma, yataharibika, yamezidi wapi, Mma-Gaone ana ng'ombe wa kuhesabu kwa kidole kimoja, lo, Muchaneta, mwalimu mzima, umeisoma hesabu kichwa chini! Amekaa kwa adabu ya kwao akingoja mjumbe, nao wamekaa kwa adabu ya kwao wakimngoja yeye, kama watu wawili mlangoni, pita wewe, hapana pita wewe, mpaka chakula kinapoa... na kicheko kikampanda, kicheko kibaya cha msibani, akakibana kwa meno, na nyuma ya kicheko kitu kingine kikampanda, cha moto, kwenye macho, maana tangu kufuli lile hajaruhusu hata chozi moja, na sasa, mbele ya nyama... jikaze, mwanamke, jikaze. Kibali chake cha kazi kina jina la shule na shule haina mlango, sawa, Jumatatu atawaendea watu wa uhamiaji kwa miguu yake awaulize njia iliyo halali, ndipo atafute pa kuketi na watoto wake wa darasa la saba, ua haukosekani katika mtaa wenye nyua kubwa namna hii, na mama atumiwe mtu, shangazi Ezvi ataenda, anajua kuchutama vizuri, lakini hayo ni ya kesho, la leo liko nyuma ya bega lake, na huku hana Chakanyuka, Chakanyuka yuko chini ya mawe upande ule wa mpaka.

"Au kwenu mnafanyaje, Mwalimu?"

Mma-Gaone anauuliza mgongo wake. Muchaneta akageuka.

"Kwetu anatumwa mtu. Mwenye shida hasemi mwenyewe."

"Na akiwa ugenini, hana wa kumtuma?"

Wanawake wakatazama vyungu wote kwa pamoja, ule mtazamo wa pembeni, wa heshima, sasa anaujua, anaweza hata kuufundisha, na kule Rra-Oteng anafuta jasho kwa kiwiko bila kujua kwamba kiti chake cha mbele kitakwenda kitupu mpaka mpakani, na Muchaneta akaibana sahani kwapani, akapinda magoti, akapiga makofi ya viganja vilivyopishana, taratibu, kama yapigwavyo na mtu aliyetoka mbali na neno la watu.

"Mma-Gaone, nimetumwa kwako."

Mma-Gaone hakucheka. "Na nani, mma?"

"Na Mwalimu Muchaneta, mpangaji wako wa nyumba ya nyuma. Anaona haya kuja. Anasema shule imefungwa, hana kazi, na kodi hajui ataitoa wapi. Na anasema haondoki."

Mma-Boipelo akaufunika mdomo kwa shali. Nyama ilikuwa bado inapondwa, mstari haujasogea hata hatua moja, na Mma-Gaone akashusha sahani yake chini, polepole, akasimama wima kama wanavyosimama kupokea habari, mikono mitupu.

"Mwambie tumesikia."