Darasa la Watoto Wawili

Kengele ya shule yetu ilikuwa kikombe cha bati na kijiko. Mume wangu alivigonga mlangoni mwa sebule kila asubuhi baada ya chai, amechomekea shati na kufunga vifungo mpaka kooni, na binti yetu akatoka jikoni mbio kama mwanafunzi aliyechelewa kutoka mbali. Umbali wenyewe ulikuwa kuvuka kizingiti kimoja. Mimi saa hizo huwa nimeshafika kazini, lakini nilijua mambo yanavyokwenda kwa sababu mtoto alinisimulia. Alinisimulia yote, isipokuwa moja.

Mume wangu kila mtu anamwita Mwalimu, na mimi pia, tangu kabla hajanioa. Alifundisha hesabu kwenye shule ya mtaa wa pili, na watoto wetu wote wawili walisoma hapo hapo. Mkubwa alikuwa mvulana. Tulimwita Kamanda kwa sababu tangu anatambaa alikuwa akitoa amri, na hakuna aliyezitii. Mdogo tulimwita Chiriku. Huyo alianza kusema kabla ya kumaliza kuota meno, mpaka nikawa namwambia, mwanangu, pumzisha huo ulimi, utauhitaji ukubwani.

Siku moja chaki ilimwishia Mwalimu katikati ya somo, akamtuma Kamanda stoo. Ukuta wa stoo hiyo ulikuwa na ufa. Mwalimu mkuu aliuona, walimu waliuona, hata mimi niliuona siku ya kikao cha wazazi, na kila mmoja akamsubiri mwenzake aseme. Ukuta ukaanguka. Sitaki kueleza zaidi. Nitasema tu kwamba walipomtoa mwanangu alikuwa bado ameshika boksi la chaki, na nguo zake nililetewa zikiwa nyeupe pe, mimi ambaye kazi yangu ni kufua.

Baada ya mazishi Mwalimu hakurudi kazini, na Chiriku hakurudi darasani. "Akivuka lile geti tena," aliniambia, "na mimi nihesabu nimekufa." Hakupaza sauti. Angepaza ningemjibu. Alipaka ubao rangi nyeusi, akautundika sebuleni palipokuwa na kioo, akaanza kufundisha. Chaki haikuingia ndani ya nyumba ile. Aliandika kwa maji: anachovya brashi ya rangi kwenye kopo, anaandika, na maandishi yanakauka na kupotea kabla hujamaliza kukohoa. Mtoto akajua kunakili haraka kuliko karani wa mahakama. Majirani wakasema Mwalimu amechanganyikiwa. Nikawaambia mwacheni, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kila mzazi ana namna yake ya kulia. Mimi nililia kwenye mvuke wa pasi, pale ambapo hakuna wa kutofautisha chozi na jasho.

Maana nafanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia. Tunafua mashuka ya hospitali na ya hoteli. Yanakuja kwa magari tofauti na kuondoka kwa magari tofauti, lakini mashine ni zile zile, na wageni wa hoteli hatujawaambia. Ni kazi ya kuunguza mikono, ila haikuulizi maswali.

Ofisi ya elimu ilikubali tumfundishe mtoto nyumbani kwa sharti moja: kila mwaka mkaguzi aje ampime. Akifaulu, abaki. Akishindwa, arudi shule. Mwaka wa kwanza alifaulu vizuri. Mwaka wa pili ulipokaribia kuisha nikaanza kukosa raha, nikimwombea Chiriku asishindwe, kwa ajili ya baba yake. Nilikuwa naomba dua mbaya bila kujua.

Asubuhi moja boila la kiwandani liliharibika. Msimamizi wetu, mtu wa utani usiochekesha, akatutawanya: "Nendeni mkawafulie waume zenu, hapa leo hakuna mvuke." Nikafika nyumbani kikombe ndio kwanza kinagongwa. Nikasema nisiwakatize. Nikaketi kwenye benchi ya nje chini ya dirisha la sebule, nikavua viatu, miguu ipumue.

"Chiriku!" Mwalimu aliita.

"Nipo!"

"Kamanda!"

Nikadhani ulimi umeteleza. Mtu akizoea kuita majina mawili, la pili hujitokea lenyewe. Moyo ulinichoma, nikamhurumia. Ndipo nikasikia, "Nipo, Mwalimu." Sauti nzito kidogo, ya kuburuza, ya mtoto aliyeamshwa kwa nguvu. Ilikuwa sauti ya mwanangu.

Nikageuza kichwa, nikatega sikio dirishani.

"Chiriku, saba mara nane?"

"Hamsini na sita!"

"Kamanda, saba mara nane?"

Kisha ile sauti: "Hamsini na... nne?"

Hapo nilijua hasa ninachosikia. Kamanda wangu alikuwa hodari wa mpira, lakini saba mara nane ilimshinda maisha yake yote. Kila siku hamsini na nne. Baba yake alikuwa akimuuliza mezani, njiani, hata bafuni, na jibu halikubadilika. Na sasa Mwalimu alicheka. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu tulipozika. "Hamsini na nne tena, baba? Haya kaa, tutafika tu."

Nikachungulia. Viti vilikuwa viwili mbele ya ubao. Chiriku alikaa kile cha kushoto, ameshika penseli kwa mkono wa kushoto kama kaka yake, ambaye alikuwa wa mashoto, na ulimi ameutoa nje kwa jitihada. Akamaliza kuandika. Mwalimu akageukia ubao, akachovya brashi taratibu, na mtoto akahamia upesi kiti cha kulia na kubadilisha mkono. Baba alipogeuka, Chiriku ndiye aliyekuwa amekaa. Mwalimu alikuwa anampa mtoto nafasi ya kuhama ili macho yake mwenyewe yasione. Walikuwa wamelizoea jambo hilo kama watu wanaokunja shuka kubwa pamoja, bila hata kuambizana.

Nilitamani kuingia nikiponde kile kikombe kwa kisigino. Lakini sikuingia, na sababu naisema wazi: nilikaa pale nikisubiri Kamanda aulizwe swali lingine.

Mchana nilimwogesha Chiriku. Alikuwa mkubwa wa kuoga mwenyewe, lakini nilitaka kumshika. Kucha zake alikuwa amezitafuna mpaka kwenye nyama, na mimi nilikuwa nimeziona siku zote nikamkaripia tu. Nikaona pia kitu ambacho nilipaswa kukishtukia zamani: yule Chiriku wa kutuchosha masikio mezani siku hizi alikula kimya. Maneno yote yaliishia sebuleni.

"Mchezo wa kaka nani aliuanzisha?" nikamuuliza.

Akatazama maji. "Mimi."

"Siyo baba?"

"Baba aliita tu. Alisahau. Halafu akawa anangoja. Mama, alikuwa anangoja tu, mdomo wazi, hasemi kitu. Nikaona nimsaidie."

"Na huchoki?"

"Nachoka na kazi zake za nyumbani. Kaka ana mwandiko mbaya, unachelewesha." Akatabasamu kidogo. "Lakini amepanda darasa. Ila hesabu bado."

Nikamwuliza kama anataka kurudi shule, acheze na wenzake. Nikaona kitu kinawaka usoni pake, kisha yeye mwenyewe akakizima.

"Sasa nikienda, kaka atabaki na nani?"

"Mwanangu, kaka yako alikufa."

"Najua, mama. Mimi siyo mjinga." Alianza kutetemeka, na maji yalikuwa ya moto. "Lakini nikinyamaza atakufa tena. Na safari hii nitakuwa nimemuua mimi."

Nikamfunga taulo, nikamkalisha mapajani kama mtoto mchanga. Nilikuwa na hasira tu, na hasira yenyewe sikujua nimpelekee nani, ukuta ama mume.

Nikampelekea mume. Nilimkuta jikoni akimenya viazi, kazi aliyoifanya kwa uangalifu, ganda jembamba lisilokatika.

"Leo nimelisikia darasa lako," nikasema.

Kisu hakikusimama. "Wanaendelea vizuri."

"Wanaendelea?"

"Kamanda anahitaji muda kidogo."

"Mwalimu, unamla mtoto mmoja ili umlishe mwingine."

Ganda likakatika. Akalitazama pale sakafuni. Alizeeka mbele yangu, nikamwonea huruma, na huruma hiyo ikanizidishia hasira. "Mkaguzi anakuja Alhamisi," akasema. "Ngoja Chiriku afaulu, tutazungumza." Nikajua akifaulu hatutazungumza kamwe. Mtoto angebaki na viti vyake viwili mpaka siku asijue tena akae kipi. Na kumshika mkono nimpeleke shule kwa nguvu nisingeweza. Angerudi mbio kumjibia kaka yake.

Alhamisi nikaomba ruhusa kazini. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo aliyebanwa na viatu, akavivua chini ya meza akidhani hatuoni, na kwa hilo nikampenda. Akampa Chiriku kitabu, akasoma kama maji. Akamwuliza mito na milima, akajibu. Akamwuliza saba mara nane, mtoto akasema hamsini na sita hata kabla swali halijatua.

"Mwalimu, hongera," mkaguzi alisema, akitoa kalamu asaini kibali. "Huyu anawashinda wengi walioko shuleni. Sina sababu ya kumtoa hapa."

Mwalimu akashusha pumzi. Chiriku hakushusha. Alikuwa anakitazama kile kiti cha kushoto.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikasema, "Dada, samahani. Bado mmoja hujampima."

Kalamu ikasimama. "Mna mtoto mwingine?"

"Mwalimu," nikasema, "ita majina."

Mume wangu alinitazama. Katika ndoa yetu yote hakuwahi kuniomba kitu kwa macho namna ile, na mimi nikamnyima. Nilipoona haiti, nikaita mwenyewe.

"Kamanda!"

Mtoto alimtazama baba yake, akanitazama mimi. Kisha akainuka, akakaa kiti cha kushoto, akahamisha penseli.

"Nipo, mama."

Mungu anisamehe, moyo uliniruka kwa furaha. Nikaelewa kwa nini mtu anaweza kugonga kikombe kila siku ya maisha yake. Nikalazimisha swali litoke. "Saba mara nane?"

"Hamsini na nne."

Mkaguzi alicheka, akidhani ni maigizo. Akatutazama mmoja mmoja, kicheko kikamwishia. "Huyu sasa ni nani?"

"Kaka yangu," alisema Chiriku kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba. "Alikufa. Mimi namjibia tu." Chini ya kiti mkojo ulikuwa unachuruzika polepole, na yeye akauficha kwa miguu.

Mkaguzi akairudisha kalamu kwenye mkoba. Alitafuta viatu vyake kwa vidole vya miguu, akachukua muda. "Mwalimu," akasema taratibu, "Jumatatu nitamsubiri getini mimi mwenyewe." Mwalimu alikuwa ameshageukia ubao.

Siku zilizofuata hakunisemesha. Nilipiga pasi sare mpya jikoni, yeye akapita kuchota maji ya kopo lake, asiiangalie. Jumatatu nikamshika Chiriku mkono. Ukuta wa stoo umejengwa upya na kupakwa rangi ya kupendeza, ungedhani haujawahi kuua mtu. Mkaguzi alikuwepo, na safari hii alivaa kandambili. Mtoto alivuka geti hatua chache, akageuka akarudi mbio, akanishika sketi.

"Mama, nani atamjibia kaka?"

"Mimi," nikasema. "Nenda."

Akaniamini. Akaenda.

Nilipaswa kukata kona kuelekea kazini, nikajikuta niko mlangoni kwangu. Kikombe kilikuwa kinagongwa. Mwalimu alisimama mbele ya viti viwili vitupu, shati amechomekea, vifungo mpaka kooni. Aliponiona hakushangaa. Nikakaa kiti cha kulia, nikiwa bado na kitambaa changu cha kazi kichwani.

"Chiriku!"

"Yuko shule," nikajibu.

Akaangalia kile kiti kingine.

"Kamanda!"

Akangoja. Mtoto alisema kweli, hungoja na mdomo wazi. Na ile sauti nilikuwa nayo kooni, nzito kidogo, ya kuburuza. Mimi ndiye niliyemzaa, ningeiga vizuri kuliko yeyote. Nilikuwa nimeshamwahidi na binti yangu. Mume wangu alikuwa anatetemeka midomo, na neno moja tu la uongo lingemtuliza mpaka jioni.

"Hayupo, Mwalimu," nikasema.

Alibaki ameshika kijiko hewani. Kisha akaita tena, kwa sauti zaidi, kama wanavyofanya walimu wakidhani mtoto hakusikia. Nikajibu hivyo hivyo. Akaita tena. Siku hiyo sikufika kazini.