Ng'ombe wa Thelathini na Moja

Mimi Nalepo shemeji yangu Sironka simpendi, na sioni haya kusema. Mume wangu Meitamei alipoanza kuvimba miguu na kuhema akivuka ua tu, Sironka alikuja kutoa pole. Alipoanza kusahau mambo na kulia kwamba yeye ni mzigo, Sironka alikuja kutazama ng'ombe.

"Kaka amerukwa na akili," akawaambia wazee. "Ng'ombe wake nitawatunza mimi."

Amerukwa, eti! Mwuguzi wa misheni ya Wajerumani alimsikiliza kifua, akasema moyo umechoka, haupeleki damu ya kutosha kichwani. Alale ameegemea, apumzike. Mwenyewe nilishaona: akipanda kilima, akili inapotea, akikaa pumzi ikatulia, inarudi.

Basi Sironka akaitisha kikao nyumbani kwake, juu kabisa ya kilima cha Sekei. Ng'ombe wetu wakaswagwa huko asubuhi. Meitamei awataje mmoja mmoja wakipita. Akishindwa, wote wawe wa mdogo wake. Mjanja huyo! Alikijua kile kilima.

Tulifika mume wangu midomo imebadilika rangi, hajui hata tumefuata nini. Niliogopa kwelikweli.

"Haya, tuanze," Sironka akasema.

"Tuanze nini? Habari hamzitaki?" nikauliza.

Wazee wakaguna. Kwetu mgeni akifika hutoa kwanza habari zote za alikotoka, na mwenyeji hamkatizi. Nikamkalisha Meitamei, nikamwegemeza ukutani, nikaanza. Nikaeleza boma la Mjerumani limefikia wapi, jiwe kwa jiwe. Nikataja nani kakamatwa kwenda kuchoma chokaa, na nani kajificha ghalani kwa mama mkwe wake. Nikaingia kwenye mbuzi wangu, na wajukuu wa mbuzi wangu.

"Shemeji, inatosha!" Sironka akasema.

"Mwache amalize!" akafoka mzee Lemayian. "Wewe ulilelewa wapi?"

Jua lilikuwa limeinama niliposikia pumzi ya mume wangu imetulia. "Habari ndizo hizo," nikasema.

Ng'ombe wakapita. Meitamei akawataja kwa rangi, kwa pembe na kwa mama zao, wote thelathini. Kisha akasema, "Bado mmoja. Mwekundu, mwenye sikio lililochanika."

"Mnaona? Anaota!" Sironka akapiga kelele.

Lemayian akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi anamvuta mwekundu, sikio limechanika. Wazee walicheka mpaka wakashika mbavu. Ng'ombe wakabaki kuwa wetu.

Tulipofika nyumbani, Meitamei akaniuliza kikao ni lini. Nilitaka kulia, jamani. Badala yake nikamsimulia yote, naye akacheka, na ilikuwa miezi sijamsikia akicheka. Tangu hapo kila jioni huuliza, nami humsimulia, naye hucheka kama ndiyo kwanza anasikia. Siku hizi naongeza kwamba Sironka aliteleza akaanguka kwenye samadi. Hakuanguka. Lakini Meitamei hupapenda sana hapo, na mimi pia.