Wifi Wawili kwenye Meza ya Kukunjia

Kabla ya kupewa umeneja wa kiwanda cha kufulia, Spana alikuwa fundi wa magari, na ufundi haukumtoka. Jina hilo walimpa wafanyakazi, si mbele yake. Kwake kiwanda kilikuwa injini, watu vipuri, na kelele yoyote ilikuwa dalili ya ubovu.

Na kelele ilikuwapo. Ilitoka kwenye meza ya kukunjia shuka za hospitali, mteja mkubwa ambaye bila yeye kiwanda kingefungwa. Shuka hizo hukunjwa na watu wawili wanaotazamana, kila mmoja na ncha zake. Waliozikunja ni Mama Pacha na wifi yake, dada wa mumewe, na walizikunja wakigombana kutwa nzima.

"Shika vizuri, wifi, hii si shati la kaka yako la kutupa tupa!"

"Mashati ya kaka yangu yalikuwa safi kabla hujaja wewe. Doa hili hulioni? Au macho umeyasahau nyumbani?"

"Si limepita kwako kwanza!"

Shuka ilirudi kufuliwa, ugomvi ukaendelea. Spana akachoka nao. "Simba mwenda kimya ndiye mla nyama," akawatangazia wote. Akampeleka wifi kwenye pasi, kule nyuma, naye Mama Pacha akapewa mwenzake mpole, dada asiyefungua kinywa bila kuanza na samahani. Kiwanda kikatulia tuli. Spana akanywa chai yake mlango wazi, akajiona kidume.

Kisha akaja matroni wa wodi ya wazazi, shuka kwapani. Akaikunjua juu ya meza ya Spana. Doa la damu lilikuwa pana kama kiganja.

"Tumemtandikia hii mzazi wa jana," alisema. "Ndugu zake wamenitazama kama mchawi. Ikija nyingine, tunatafuta dobi mwingine."

Aibu ilimshika Spana, aibu ya kweli, asijue aangalie wapi. Matroni alipoondoka alifanya alichokijua: akafungua mashine, akakagua sabuni, akapima moto wa maji. Mashine hazikuwa na neno.

Basi akaenda kwenye meza, akamwomba yule dada mpole ampishe, akashika ncha mwenyewe. Haukupita muda, shuka ikaja na doa. Mama Pacha aliitazama, akaikunja.

"Hujaliona?"

"Nimeliona, bosi."

"Mbona husemi?"

"La kwanza nilisema. Huyu dada akalia, ukaniita ofisini, ukanionya niuchunge mdomo wangu. Nikaufunga."

Spana alikumbuka. Alimwonya kwa sauti kali, tena akarudi kitini ameridhika. Ule ugomvi ndio uliokuwa ukikagua shuka zote, na yeye ndiye aliyeung'oa kwa mkono wake.

Akaenda kwenye pasi. "Nilikosea," akamwambia wifi. "Nakuomba urudi mezani."

"Nirudi kwa yule mwanamke? Hata kukunja hajui!"

"Nenda ukamwambie."

Hakuambiwa mara mbili. Spana alikuwa hajafika ofisini, sauti zikapanda.

"Hii nani kaikunja? Utadhani mzigo wa kuni!"

"Bosi huyo, si mimi."

"Na wewe ulikuwa unatazama tu?"

Masikio yalimwaka Spana. Alipoingia ofisini aliunyoosha mkono kuufunga mlango, akaurudisha. Shuka zikarudishwa kufuliwa, moja baada ya nyingine, kila moja na matusi yake. Spana akajimiminia chai.

Mara kelele ikakatika. Spana alishtuka, chai ikammwagikia surualini, akatoka mbio hadi kwenye meza ya kukunjia.

"Kuna nini? Kumetokea nini?"

Wifi wawili walimtazama, mashavu yamejaa.

"Tunakula, bosi," akasema Mama Pacha.