Dakika Hamsini Tu

Daktari mpasuaji alikuwa ameongea na wawili tu, mke na mume, mlango ukiwa umefungwa. Saratani hii ina pupa, akawaambia. Imejipenyeza ndani ya ukuta wa mfuko wa chakula, ukuta umekakamaa kama kiatu kilichokaukia juani. "Tukikuta haijatoka nje, tutautoa mfuko wote, tuunganishe koo na utumbo. Hiyo ni kazi ya saa tano, sita. Tukikuta imetapakaa, tutafunga tu. Kukata hakutamsaidia."

Basi siku ya upasuaji kuchelewa ndiko kulikokuwa heri. Mdogo wa mume hakuambiwa, kwa sababu roho yake nyepesi mno. Gari tu likikataa kuwaka, hali chakula. Ndugu hawa wana gereji moja, na kwao gari likitoka mapema, ubovu ulikuwa mdogo. Kwisha.

Mgonjwa aliingizwa saa mbili asubuhi. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alikaa kwenye benchi akishona vifungo. Hakuomba, hakulia, hata njaa hakuisikia. Alijishangaa mwenyewe. Shemeji yake alikuwa ameinama chini ya machela tupu.

"Gurudumu hili linataka grisi, shemeji. Hivi hawana fundi hapa?"

Saa tatu kasoro dakika kumi muuguzi akatoka. Mgonjwa wao amemaliza, anapelekwa kupumzika; daktari atamwona mama.

"Unaona sasa?" shemeji akasema, anacheka meno yote nje. "Wanaosema haraka haina baraka waje hapa." Akatoka mbio kuupigia simu ukoo mzima.

Ilimpasa mke amzuie. Alimalizia kifungo, akakata uzi kwa meno, akaenda kwa daktari. Imetapakaa kwenye utando wote wa tumbo, daktari akasema, pole sana mama. Akajibu "asante", kama mtu aliyepishwa kwenye ngazi.

Saa tano wakamruhusu aingie. Chumba kilikuwa na pazia na taa, dirisha hakuna. Mumewe akafumbua macho kwa shida.

"Saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Saa tisa," akarudia. Uso wake ukalegea, ukawa uso wa zamani, ule ambao mkewe hakuuona tangu ugonjwa uanze. Mke akautazama. Alijua ni uongo na hakuona haya.

Pazia likavutwa. "Kaka, nimeshawaambia wote," mdogo mtu akasema. "Dakika hamsini tu, umetoka. Hata chai yangu haijapoa."

Mgonjwa akamgeukia mkewe. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma mke. Kisha akamtazama mdogo wake, akatabasamu kidogo.

"Wana fundi hodari."

"Si nilisema?"

"Nenda kafungue gereji basi. Kumbe bado asubuhi."

Akaondoka anapiga mluzi. Wakabaki wawili, wanasikiliza mluzi ukiishia koridoni.

"Usimwambie leo," mume akasema. "Mwache ashinde na furaha yake."

"Haya."

Mke alitaka kulia, machozi yakakataa. Akamnyooshea shuka ambayo tayari ilikuwa imenyooka.

"Ile saa tisa yako ilikuwa tamu," mumewe akasema. "Ningekaa nayo hata mpaka jioni."