Korongo Aliyetua kwa Keramat

Mwaka ule korongo mweupe alichelewa, na mimi ndiye niliyekuwa nimelifunga shamba zima kwenye mguu wake.

Kila Jumatano baada ya chakula cha mchana simu yangu hailali. Watu wa pwani yote ya Kaspi, toka Gomishan hadi Anzali, hunipigia kunitajia ndege waliowaona juma hilo, nami naandika: heroe elfu mbili, bata kichwa-cheupe saba, mwari mmoja aliyepotea njia akatua kwenye bwawa la samaki. Jioni orodha inakwenda kwa wote. Nimeishika kazi hii miaka kumi na tisa. Shule niliiachia darasa la tano. Ndege nimejifunza kwa kufuga bata. Sheria yangu ni moja: ndege adimu haingii kwenye orodha mpaka aonwe na watu wawili wasiolala nyumba moja. Aliwahi kunipigia profesa wa Tehran na tai aliyemwona peke yake. Nikamwambia atafute shahidi. "Mama, mimi ni profesa," akasema. Nikamjibu, "Basi hutakosa shahidi."

Shamba letu la Narenjkola ni la wenye hisa kumi na mmoja. Kiangazi ni la mpunga. Ukishavunwa, tunalijaza maji, tunalizungushia viambaza vya matete, na linakuwa damgah: bata wangu niliowazoeza wanaelea katikati wakiwaita wa mwituni, na mume wangu Zabih anangoja na wavu kibandani. Kwenye damgah hakuna bunduki. Hakuna kupiga kelele, hakuna kukohoa ovyo. Ndiyo maana korongo mweupe, yule mmoja aliyebaki wa ukoo wake upande huu wa dunia, alikuwa akija kwetu kila mwezi wa Aban, baridi ikianza, na kukaa mpaka baridi iishe. Hatukumkamata wala kumlisha. Tulimwachia ukimya, basi.

Miaka mitatu iliyopita, walipokuja watu wa nyumba za mapumziko, wale wanaonunua mashamba wayajengee kuta na mageti, niliwakusanya wenye hisa kwenye mashine ya mpunga nikawapigia kelele siku tatu. Mwisho wakaweka dole gumba kwenye karatasi niliyoiandika mimi: maadamu kila mwaka korongo mweupe atatua Narenjkola kabla ya tarehe ishirini ya mwezi wa Dey, katikati ya baridi, shamba haliuzwi. Nilijiona mjanja. Ndege alikuwa hajakosa mwaka hata mmoja! Nani angebishana na ndege?

Sasa ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na sita Dey, na maji yetu yalikuwa yamejaa bata wa kawaida.

"Andika kaonekana," Zabih aliniambia, akivunja kipande cha sukari kwa meno kabla ya kunywa chai.

"Na shahidi?"

"Mimi hapa."

"Wewe unalala wapi?"

"Kwa hasira ulizonazo juma hili, mama, mimi nalala na bata."

Nilicheka bila kutaka. Hapo ndipo simu ikalia, na mwanamke akasema kwa sauti ya chini, "Dada Mahrokh, ni Golnesa wa Siahmahalle. Usikate."

Sauti hiyo sikuwa nimeisikia miaka ishirini na mitatu. Golnesa ni mke wa Haji Keramat, mwenye bwawa la kuwindia bata kwa bunduki kilomita tatu kutoka kwetu. Kiangazi cha ukame, Keramat aliuziba mfereji usiku, mpunga wetu ukakauka ukiwa kwenye maua. Wengine wamesahau. Mimi nalijua hata jembe lililoziba, na mpini wake ulikuwa wa mti gani.

"Sema," nikamwambia.

"Kuna mweupe kwenye bwawa letu. Uso mwekundu kama kazabwa kofi."

"Tangu lini?"

"Jumatatu. Wanaume wametwambia tufunge midomo. Na Ijumaa Haji ana wageni wa bunduki kutoka mjini." "Mimi sijui orodha zako, dada. Nimeona nisipokwambia wewe, nitamwambia nani?"

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa miguu na darubini shingoni. Golnesa alinipitisha nyuma ya banda la ng'ombe, tukalala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande, wanawake wawili wenye magoti mabovu. Alikuwepo. Alisimama kwenye maji ya kina cha kifundo, mweupe kuliko ukungu, akichimba mizizi kwenye tope kwa mdomo wake mrefu, bila haraka, kama mtu anayepalilia bustani yake. Aliponyoosha bawa moja, ncha zake nyeusi zilionekana, kisha akalikunja tena.

"Anatafuta nini siku nzima hivyo?" Golnesa alininong'oneza.

"Chakula. Kama mimi na wewe."

"Sisi tunapikia watu wengine pia."

Tukalala pale mpaka nguo zikaloa. Mashahidi walikuwa wawili, nyumba mbili. Niliandika saa na mahali, na mkono ulikuwa mzito nilipofika kwenye jina la Siahmahalle.

Kisha nikaenda mlango wa mbele, nikamkuta Keramat akipangusa bunduki barazani.

"Ee! Mahrokh mwenyewe!" akasema. "Leo umekuja kunipindulia serikali gani?"

"Haji, ahirisha wageni wako."

"Kwa sababu?"

"Unaijua. Yuko bwawani kwako."

Alitupa jicho kuelekea jikoni, akaelewa siri ilivyotoka. "Mimi sipigi korongo. Si mwendawazimu."

"Wewe hupigi. Mgeni wako hajui korongo wala bata bukini. Na hata akijua, mlio wa kwanza tu ndege ataondoka, na akiondoka hapa ataangukia kwa nani?"

"Kwenu," akacheka. "Si ndilo unalolitaka? Ningekuwa wewe ningeniletea risasi za zawadi." Akarudi kwenye bunduki yake. "Bwawa langu halina bata wa kuita. Mzee wangu hakuniachia bata, aliniachia hii. Nikiinyamazisha, watu wangu wale upepo? Nenda salama, dada. Msalimie Zabih."

Nilirudi nikitukana njia nzima. Nyumbani Zabih alikuwa amepika wali na maharage mabichi, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema polepole neno ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalikimbia tangu barazani.

"Waache wapige, Mahrokh. Hakuna atakayemlenga. Atashtuka, ataruka, ataona maji yetu na bata wametulia. Kesho jioni yuko kwetu. Jumapili ni tarehe ishirini. Shamba limepona."

"Au ataruka upande wa baharini, kwenye mabwawa yale mengine. Kuna bunduki ngapi kule?"

Tulizijua.

Nililitazama banda la bata. Arobaini, miaka mitatu ya kazi yangu ambayo hakuna mwanaume aliyewahi kuihesabu kuwa ni kazi: kuwatotolesha, kuwalisha mkononi, kuwazoeza sauti yangu moja tu, ya shayiri na ya kurudi nyumbani. Na huku kwetu kuna jambo moja ambalo hata jambazi analiheshimu. Maji yenye bata wa kuita hayapigwi risasi. Haijalishi maji ni ya nani. Walipoelea wao, hapo ni damgah, na anayefyatua hapo hapati mtu wa kubeba jeneza lake.

"Tuwapeleke kwa Keramat," nikasema. "Kabla hakujapambazuka sawasawa."

Zabih aliweka kijiko chini. "Bata wakihamishwa maji katikati ya baridi, hawafanyi kazi huku tena mpaka mwakani. Unalijua hilo."

"Nalijua."

"Na korongo atatulia kule kule. Kwetu hatakuja."

"Zabih, nalijua!"

Alimaliza chai yake. Kisha akainuka kwenda kutafuta matenga.

Ijumaa alfajiri tuliwapakia kwenye gari la mizigo, matenga manane, bata watano kila tenga. Golnesa alitufungulia geti akiwa amejifunga shuka kichwani kama mwizi. Tuliwatoa mmoja mmoja kwenye ukingo wa matete. Waliingia majini wakilalamika, wakazunguka, wakachokonoa tope geni, kisha jike langu kubwa akaanza kuita. Wengine wakaitikia. Upande wa pili korongo aliinua kichwa, akatusikiliza, akarudi kwenye mizizi yake.

Kulipopambazuka Keramat alifika na wageni watatu waliovaa nguo mpya za rangi ya matope. Alisikia kabla hajaona. Akasimama.

"Nani kaleta hawa?"

"Mimi."

"Mahrokh, waondoe. Nahesabu mpaka kumi."

"Hesabu, Haji. Ukimaliza watakuwa bado wanaelea."

"Umeniibia ndani ya nyumba yangu!"

"Nimekuletea arobaini, sijachukua hata mmoja. Ni wizi gani huo wa kuongeza?"

Golnesa alitoa sauti, akajifanya anakohoa. Mgeni mmoja, mwenye miwani ya jua kabla ya jua, akapandisha bunduki begani. "Haji, mbona tunabembelezana? Bata ni bata. Tuwapige hawa hawa."

Keramat aliushika mtutu kwa mkono wake mpana akausukuma chini mpaka ukagusa nyasi.

"Wewe," akamwambia mgeni, "kesho utakuwa mjini. Mimi nizikwe na nani?"

Akawageuza wote watatu, akawapeleka ndani kunywa chai. Mpaka anafika mlangoni alikuwa akinitukana mimi na baba yangu, lakini kwa sauti ya chini, kwa sababu ya bata.

Jumapili tulikutana kwenye mashine ya mpunga. Wenye hisa walikaa juu ya magunia. Asadollah, mwenye mashine, akaisoma karatasi yangu kwa sauti, akavua miwani. "Haya, dada Mahrokh. Orodha ni yako. Katua au hajatua?"

"Sema katua," mmoja akadakia kutoka nyuma. "Ni kilomita tatu tu! Nani ataleta kamba ya kupimia?"

Wapo waliocheka, wapo waliokuwa wananitazama kwa kuomba. Hao wa kuomba nawajua kwa majina, na nitawakumbuka. Walitaka niwape neno moja tu.

Nikasoma nilivyoandika. "Korongo mweupe, mmoja. Alhamisi tarehe kumi na saba Dey. Bwawa la Haji Keramat, Siahmahalle. Mashahidi: Golnesa na Mahrokh."

Mikono saba ikainuka kuuza. Minne haikuinuka, na mmoja wa ile minne ulikuwa wa Zabih, ambaye hisa yetu imeandikwa kwa jina lake, kama kawaida.

Nilikasirika, ndiyo. Sikumkasirikia ndege, wala wale saba sana. Wana mabinti wa kuozesha na paa zinazovuja. Nilijikasirikia mimi. Miaka mitatu nilikuwa na watu kumi na mmoja mkononi, nikaacha kuwashawishi kwamba shamba lisiuzwe kwa sababu ni shamba, lina mpunga kiangazi na ukimya baridi. Nikampa ndege mmoja mzigo huo aubebe toka Siberia. Angechelewa kwa upepo, angezeeka, angekufa njiani, na sisi tungesema yeye ndiye aliyetuuza.

Vigingi vya wanunuzi vilipigwa juma lililofuata. Tuling'oa viambaza vyetu vya matete kabla trekta halijavikanyaga, tukavipeleka Siahmahalle, maana bata wangu hawakukubali kula mkononi mwa Keramat, na ilinibidi niende kila asubuhi. Kwa kuwa maji yake hayakuwa ya risasi tena, alikuwa ameanza kukamata kwa wavu, vibaya, akifundishwa na Zabih na kubishana naye kila hatua. Korongo alikuwa hatua mia mbili kutoka kibandani.

Asubuhi moja nilitoa karatasi mfukoni nikamwekea Keramat juu ya goti.

"Nini tena hii?"

"Soma. Weka dole gumba wewe na ndugu zako mnaomiliki bwawa, wote sita."

Alisoma akisogeza midomo. Haikuwa ndefu. Ilisema kwenye bwawa la Siahmahalle hakutapigwa bunduki wala hakutajengwa, mwaka huu na miaka yote, mpaka wote sita wakubaliane vinginevyo mbele ya wake zao. Akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Mbona korongo humtaji?"

"Korongo hayumo."

"Na asipokuja mwakani?"

"Asipokuja, hajaja. Bwawa litakuwepo."

Aliikunja karatasi, bata wakiongea majini. "Ndugu zangu ni wabishi," akasema mwisho. "Itabidi uje mwenyewe uwapigie kelele."

"Nitakuja Jumamosi," nikamwambia. "Mwambie Golnesa naye awepo, na aketi mbele."